Tasbihi za Kufundishia Asilimia

Jumatatu, 16 Juni 2025
Koboko. Sina raha. Sababu ni Shamim, mwalimu mpya kutoka Arua. Amekuja na projekta. Anawasha, sehemu zinajikata ukutani kama keki, watoto wanapiga makofi. Mimi miaka kumi na tisa nafundisha hesabu darasa la saba. Chaki, vijiti, vifuniko vya soda. Makofi? Hata moja.

Mzee Adriko, mwalimu mkuu, kasema Alhamisi mkaguzi anakuja. Mimi na Shamim tutafundisha asilimia, kila mtu zamu yake. Atakayeshinda, la saba ni lake. Mwingine anashuka la tatu. La tatu! Wale wanaolia penseli ikivunjika.

Jumanne, 17 Juni
Nimepata! Baada ya swala ya alfajiri, tasbihi mkononi, Mungu akanifungulia. Asilimia ni mia. Kila swala namaliza mia. Na tasbihi haitaki umeme! Kaltumu, mke wangu, ameniazimia arobaini kwa akina mama wa msikitini. Shamim atajua.

Jumatano, 18 Juni
Nimefunga sunna. Nimepita dirishani kwa Shamim, akijaribu projekta darasani, mara nne. Ya tano akanikaribisha ndani.

Alhamisi, 19 Juni
Astaghfirullahi.

Nilianza vizuri. Nikagawa tasbihi, nikasema, nionyesheni asilimia hamsini. Mercy, binti wa Kikristo, akainua mkono. "Mwalimu, yangu iko na shanga tisini na tisa tu."

Nikamnong'oneza ahesabu na ile shanga ndefu ya kichwani mwa tasbihi, iitwayo imamu. Zulaika akasikia, akasimama. Bibi yake amesema imamu hahesabiwi. Faruk akajibu kwamba imamu naye anaswali, kwa nini asihesabiwe? Darasa likagawanyika. Wenye tasbihi za thelathini na tatu walishamaliza, wamezivaa mkononi.

Mkaguzi akauliza kwa upole kama hili ni somo la hesabu au la dini. Nikamwambia la hesabu. Halafu nikasoma aya.

Zamu ya Shamim, umeme ukakatika. Nikasema alhamdulillahi, kidogo kwa sauti. Yeye akachukua chaki, akachora vijumba mia ubaoni, akaita watoto waje kuvipaka rangi. Mercy akapata hesabu zote.

Chaki! Chaki yangu!

Ijumaa, 20 Juni
La saba limekwenda. Nimebeba vifuniko vyangu hadi la tatu. Shamim akanisaidia kubeba. "Baba, njoo Jumamosi nikuonyeshe projekta." Nikasema nina shughuli. Sikuwa na shughuli. Nimeumia, daftari. Wewe tu ndiye unajua.

Jumapili, 22 Juni
Nimepata! Jirani yangu Soro, Mkatoliki, ametoka kanisani na rozari. Anasema anasali makumi matano. Hamsini! Ukifunga rozari mbili pamoja, mia kamili, na hakuna imamu wa kugombaniwa. Mkaguzi anarudi muhula ujao. Kesho naanza kuziazima.

Kaltumu ameniambia nizihesabu kwanza, eti kati ya makumi anaona shanga nyingine za ziada. Nikamwambia, mtu ametoka kanisani sasa hivi, atanidanganya?