Kunyamazishwa kwa Upanga wa Daktari wa Meno

Sogeeni, enyi wapenda makuu, mlioketi vibarazani na mlioegemea kuta, nanyi mliosimama mlangoni mkisema mnapita tu. Leo hapiti mtu. Zimeni redio. Teremsheni sufuria motoni, maana ninalolisimulia likishaanza halingoji maji yachemke. Ni habari ya Fundi Makali, bingwa wa grenda, mfuga cheche, mshika tupa asiyetetereka, na jinsi alivyopigana siku ya Jumamosi tangu asubuhi hata alasiri na adui asiyeonekana wala kushikika, mwembamba kuliko unywele wa kope. Nawe ulimi wangu, uliyeniaibisha mara nyingi mbele za watu, nisaidie leo tu. Nikimaliza nitakupa maji.

Basi huyo Fundi Makali alikuwa mchomeleaji. Jumatatu hadi Ijumaa aliunda mageti na nondo za madirisha, na mageti yake yalifunguka bila kulia na kufungwa bila kusukumwa kwa goti. Lakini moyo wake haukukaa kwenye mageti. Ulikaa kwenye panga. Si za kufyekea majani, la hasha, bali panga za kifalme, zile za filamu zenye majoka yatemayo moto na malkia waliopanda farasi weupe. Aliziunda kwa springi za malori yaliyokwisha kufa, kwa tupa, kwa msasa na kwa subira, akazing'arisha hata mtu akaweza kunyoa ndevu kwa kujitazama ubavuni mwake. Tena zote zilikuwa butu. Ndiyo, butu! Yeye aliyeitwa Makali hakutia makali hata siku moja, kwa kuwa wateja wake walikuwa makarani, walimu wa hesabu na madereva wa lori, watu wenye mioyo ya mashujaa na vidole ambavyo bado walivihitaji.

Katika nyumba ya shujaa huyu aliishi pia mama mkwe wake, Mwalimu Mkuu mstaafu, aliyekuja kwa wiki mbili kupumzisha goti, na sasa mwezi wa saba ulikuwa unaingia. Mama huyo alitawala shule miaka thelathini na mmoja. Masikio yake yaliwahi kusikia karatasi ya peremende ikifunguliwa dawati la mwisho, mvua ikinyesha juu ya bati. Alimheshimu mkwewe kwa ajili ya mageti. Kuhusu panga hakusema neno, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko fuawe. Wageni wakimuuliza mume wa binti yake anafanya kazi gani, hujibu, "Anashughulika na vyuma," kisha huuliza habari za watoto wao.

Ikawa mwezi mmoja kabla ya vita, akaingia karakana ya uani Daktari wa Meno, mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya kubembelezea magego. Akasimama katikati ya vipande vya vyuma kama balozi mbele ya kiti cha enzi.

"Fundi," akanena, "nimekuja kwa jambo la maisha yangu. Ng'ambo ya barabara, mkabala na kliniki yangu, yuko mfamasia. Kila Jumamosi saa kumi, nikishafunga, anakuja, tunakaa kwenye viti vya wagonjwa, tunatazama filamu za majoka. Miaka miwili sasa! Tumezimaliza, tumezirudia, siku hizi tunasema maneno kabla wao hawajayasema. Nataka nipige goti kama jemadari mbele ya malkia, nimkabidhi upanga, nimwombe anioe. Yaani nimuoe. Unaona? Hata hapa kwako nachanganya."

"Na pete?" akauliza Fundi.

"Pete hapendi. Zinamchania glavu." Kisha Daktari akashusha sauti. "Ila nikuonye. Ukimpa kitu chochote, lazima akitikise. Kazi imemtia hivyo: tikisa kabla ya kutumia. Kuna jamaa alimpa upanga kwenye mkutano wa mashabiki. Akautikisa, ukalia kama funguo mfukoni. Akamrudishia palepale, watu wanaangalia. Mpaka leo hata salamu hampi."

Fundi Makali akaweka mkono kifuani. "Daktari, nenda kwa amani. Wa kwangu hautasema hata nusu ya herufi."

Maneno makubwa hayo, jamani. Na maneno makubwa yana masikio. Hukaa pembeni yakingoja siku yao.

Kwa majuma matatu akaupiga ule upanga, akauchoma, akauzamisha kwenye mafuta hata moshi ukawatoa majirani nje. Akachonga mpini wa mbao nyekundu wenye joka lililojizungusha, magamba yake mia moja na arobaini, kila gamba kwa mkono. Hata ilipofika asubuhi ya Jumamosi yenyewe, saa tatu, upanga ulilala juu ya meza ya kazi, wa kupendeza hata nzi alitua akaondoka kwa heshima. Fundi akauinua kwa mikono miwili. Akautikisa.

*Cha.*

Sauti ndogo, sauti ya punje moja ya mchele ikigonga kikombe. Lakini moyo wa Fundi ulishuka hadi kwenye soksi. Alijua mara moja: mbao haikukauka vizuri, ilikuwa imenywea, na sasa msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ulipata nafasi ya kucheza. Nafasi ya unywele. Ikamtosha adui kupiga kambi.

Akafungua nati iliyofichwa chini ya mpini, akaita majeshi. La kwanza lilikuwa gundi. Akasoma maandishi ya kwenye tyubu, akakuta yameandikwa: acha ikauke saa ishirini na nne. Gundi ikajitoa vitani kabla ya baragumu. La pili, karatasi ngumu ya boksi la viatu. Akaikunja, akaisokomeza, akakaza nati, akatikisa. *Cha.* La tatu, kijiti cha mbao alichokichonga kwa wembe huku ameuma ulimi. Kikapasuka humo ndani, nusu yake ikakataa kutoka. *Cha-cha.* La nne, mpira wa tyubu ya baiskeli. Huo ulikaa vizuri, ukabana vizuri, na kila mpini uliposhikwa ukalia kama bata aliyekanyagwa. Hata ilipogonga saa saba, upanga wa malkia ulikuwa na sauti mbili, ya juu na ya chini, ungeweza kuimba harusini.

Ndipo shujaa akausimamisha mbele yake, jasho likimtiririka, akaukaripia kwa hotuba: "Ewe chuma usiye na haya! Nimekutoa kwenye tumbo la lori bovu, kutu imekula mbavu zako, nikakuosha, nikakupa joka, nikakuvika sura ya kifalme. Nawe wanilipa umbea? Saa kumi mtu mzima atapiga goti kwa ajili yako! Huna hata huruma?"

*Cha,* ukajibu upanga.

"Mkwe wangu!" ikaja sauti kutoka dirisha la jikoni. "Nani anapiga njuga huko?"

"Hakuna, Mama. Ni kazi tu."

"Kazi haisemi 'cha', baba. Kinachosema 'cha' ni kitu kisichokazwa."

Akatoka, mkongojo mbele, akaketi juu ya dumu lililopinduliwa kana kwamba ni kiti cha jaji. Fundi hakuwa na pa kukimbilia. Akamweleza yote: Daktari, mfamasia, filamu, goti, tabia ya kutikisa. Alipomaliza alitazama chini, akingoja kuambiwa habari za mageti.

Mama mkwe akauliza, "Atampigia goti yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mama."

"Na ataongea kwa mdomo wake?"

"Ndiyo hivyo."

"Marehemu baba yenu alimtuma mjomba wake kuja kuniposa," akasema Mwalimu Mkuu. "Mjomba akafika, akasahau alichotumwa. Akaomba maji ya kunywa, akasifu kuta zetu, akaondoka. Nilingoja miezi minne, nikijua nimekataliwa." Akanyoosha mkono. "Huyu binti wa dawa asingojeshwe. Lete."

Akautikisa karibu na sikio, mara moja tu, macho yamefumbwa.

"Hapa," akasema, akigusa mpini chini ya joka. "Unataka ngozi. Nyembamba, iliyokwisha lainika. Kitu cha kubanwa kisipige kelele."

"Nimetafuta, Mama. Sina. Na duka la ngozi Jumamosi limefungwa."

Mama mkwe akatazama mguu wake. Na hapa, wasikilizaji, ambaye hajavua kofia na avue; kwa maana viatu vile vyeusi vya kamba ndivyo vilivyotembea kwenye korido za shule miaka na miaka, na kishindo chake cha kwanza kikisikika, madarasa manane yaliketi kwa pamoja. Akainama, goti likilalamika, akafungua kamba, akamkabidhi kile cha kulia.

"Kata ulimi, huo wa chini ya kamba."

"Mama!"

"Kata, nimesema. Upanga wako una maneno mengi. Utaunyamazisha kwa ulimi."

Fundi akashika mkasi, akauweka chini, akaushika tena. Maana ni mkwe gani, tangu dunia kuumbwa, aliyewahi kushika mkasi juu ya kiatu cha mama mkwe akabaki na ndoa? Lakini saa ilikuwa inakwenda. Akakata. Akakwangua ile nusu ya kijiti, akatupa tyubu ya baiskeli, akauvisha msuka kile kipande cha ngozi, akaurudisha ndani ya mpini, naye Mwalimu Mkuu akaushika upanga kwa mikono miwili, akiamuru, "Zungusha. Zungusha. Usiwe na haraka kama mtu wa mtihani. Sasa robo. Acha!"

Fundi akautikisa. Kimya.

Akautikisa kwa nguvu, hata miwani ikamshuka. Kimya. Cherehani ya jirani ikasita, kana kwamba nayo inasikiliza.

"Nipe," akasema Mama mkwe. Akautikisa mwenyewe, sikioni, akavuta muda wa kipindi kizima. Kisha akasema kwa sauti waliyoisikia wachache sana katika maisha yao: "Umefaulu."

Fundi Makali, mwenye mabega kama milango, akageuka upande wa ukuta, akajifanya anatafuta kitambaa.

Saa tisa na nusu wakaondoka, upanga umefungwa ndani ya shuka, Mama mkwe akikokota kiatu kisicho na ulimi, *pwata, pwata*, kwa sababu alikataa katakata kuachwa. "Sehemu ya kiatu changu inakwenda kuposa," akasema, "na mimi nibaki nachambua mchele?"

Daktari aliwapokea amekauka midomo. Aliwasukuma nyuma ya pazia la chumba cha kung'olea meno na kuwasihi wasipumue. Kwenye chumba cha kungojea palikuwa na televisheni, viti sita, na meza yenye meno makubwa ya plastiki, yale ya kufundishia watoto kupiga mswaki. Saa kumi kamili mfamasia akaingia, mrefu, mwenye koti jeupe na mfuko wa bisi, akaanza kusema, "Leo tuanze na ile ya—" akanyamaza. Mtu alikuwa amepiga goti juu ya kizulia cha kufutia miguu.

"Ewe malkia," akaanza Daktari, akiwa ameinua upanga, "malkia wa… wa…" Mwezi mzima wa mazoezi ukamtoka kichwani. "Wa vidonge."

"Vidonge?"

"Na dawa za maji. Pokea upanga huu, na mwenye kuushika."

Mfamasia akauchukua. Akalitazama joka, gamba kwa gamba. Akaupeleka sikioni. Nyuma ya pazia Fundi akamshika Mama mkwe mkono pasipo kujua, naye Mama mkwe, pasipo kujua, akauacha ushikwe.

Akatikisa.

Kimya.

Akatikisa tena, kwa mtikiso wa chupa iliyolala kabatini mwaka mzima. Kimya, jamani! Kimya cha msitu baada ya simba kunguruma! Na kutoka katika kimya hicho kicheko kikaanza, kwanza puani, kisha mabegani, hata bisi zikamwagika sakafuni. "Haulii!" akasema. "Hata kidogo! Ndiyo!"

"Ndiyo ya upanga, au ndiyo yangu?"

"Ya upanga kwanza. Na yako. Inuka, magoti yatakuuma. Hapana, ngoja, usiinuke!" Akauinua upanga ili amguse bega la kulia na la kushoto, kama inavyostahili, la kulia akaligusa vizuri, na alipozungusha kwenda kushoto akayafyeka yale meno ya plastiki, yakaruka mezani, yakaviringika hadi chini ya pazia, yakamng'ata Mwalimu Mkuu kifundo cha mguu.

Pazia likaanguka lote.

"Na hawa?" akauliza mfamasia.

"Hawa," akasema Daktari, bado yuko chini, "ni walinzi."

Mama mkwe akajinyoosha, akarekebisha kanga, akapiga hatua mbele. "Shikamoo huna haja nayo sasa, mwanangu, una shughuli," akasema. "Nimekuja kumtambulisha mkwe wangu. Huyu hapa ndiye fundi. Fundi wa panga." Na alilisema neno hilo kwa sauti ya gwaride, kwa kituo, ili hata wa nyuma asikie.

Wakaketi wote wanne, filamu ikawashwa. Majoka yakatema moto, majeshi yakagongana, wachumba wakasema maneno yote kabla ya waigizaji hadi Mwalimu Mkuu akageuka mara moja tu, nao wakanyamaza.

Basi wenye kuandika vitabu vya dunia wanoe kalamu zao. Wafute vita vya wafalme waliopigania mito na milima, wapate nafasi ya mstari mmoja: kwamba Jumamosi ile, saa kumi na dakika nane, chuma kilitikiswa mara mbili hakikusema kitu, na mfamasia akasema ndiyo.