Mgongo kwa Wangu wa Makeri

Jumatatu, 3 Agosti 1959. Makongeni, Thika.

Habari kubwa. Nyapara wa laini ya kumenya mananasi anarudi kwao Machakos mwisho wa mwezi. Nafasi iko wazi! Na nyapara hupewa chumba chake peke yake, chenye mlango na kufuli. Mimi nalala na wanaume watatu. Mmoja anakoroma, mmoja anasali kwa sauti, wa tatu anakula vitunguu. Miaka sita nimekuwa karani wa mizani. Hakuna mtu Thika nzima aliyepima mananasi mengi kuliko mimi, Bedan. Nani anastahili zaidi?

Nilikuwa nimeshachagua rangi ya pazia. Halafu saa ya chai nikasikia wanawake wa laini wanamtaka mwenzao, Waithira. Mwanamke, nyapara! Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Waithira ni mjane, mtu wa maneno machache, na kisu chake hakipotezi nyama ya nanasi hata kidogo. Hilo sikatai. Lakini nyapara? Na Bwana Kimeu, afisa wa ustawi ambaye meneja humsikiliza sana, akasema si wazo baya. Chai ilinipalia.

Jumanne, 4 Agosti.

Nimepata dawa yake. Bwana Kimeu ametangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 15 kutakuwa na michezo ukumbini kuhusu wanawake mashuhuri. Meneja mwenyewe atakuja. Kwaya ya kanisa itafanya habari za Malkia Esta. Nikainua mkono kabla hajamaliza. Nikasema nitaandika mchezo wa Wangu wa Makeri.

Ni mama wa kwetu Murang'a, wa zamani, aliyekuwa mtawala peke yake katikati ya wanaume. Wanasema alikuwa hakai kwenye kiti, alikaa juu ya mgongo wa mwanamume. Halafu wanasema siku moja akacheza ngoma ya wanaume, iliyo mwiko kwa mwanamke, na utawala wake ukaishia hapo. Bwana Kimeu alifurahi sana. Hakuona nilikolenga. Meneja atamwona kwa macho yake mwanamke akipewa madaraka na kuyachezea, na Jumatatu yake ndiyo anachagua nyapara. Sitahitaji kusema neno.

Wangu ni nani? Waithira! Nilimwomba kwa heshima zote. Alifikiri kidogo, akauliza kama meneja ataketi mbele. Nikasema ndiyo. Akakubali. Karibu nimwonee huruma.

Na kiti ni Tobias, fundi wa bwela, lile tanuri la mvuke, mtu wa Gem kule Nyanza. Tobias hunishinda drafti mbele ya watu na kusema mizani yangu hupima na kidole changu. Hajui kisa hiki cha kwetu. Nilimwambia nahitaji mwanamume mwenye mgongo imara, akavimba kifua na kukubali papo hapo. Siku njema kabisa.

Jumapili, 9 Agosti.

Ruiru, kwa baiskeli. Siku hizi za hali ya hatari Mkikuyu hatoki mji mmoja kwenda mwingine hivi hivi. Ruhusa imenichukua siku tatu, na darajani askari aliisoma kama barua ya mchumba wake. Nilikuwa namtafuta Cucu Waceke, bibi mzee wa Murang'a anayejua mambo ya kale. Nilitaka kujua ile ngoma ilichezwaje, ili Waithira aicheze vizuri mbele ya meneja.

Nilimkuta anapukuchua maharagwe na wajukuu wawili. Nikamwuliza habari za ngoma na migongo. Akamaliza ganda moja, akachukua lingine.

"Kila anayekuja hapa huniuliza ngoma na migongo," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza yule mama aliamua kesi gani."

Nikamwambia asante Cucu, nikafunga daftari.

Nikiinuka, yule msichana mkubwa akauliza kama mimi ni wa kiwandani. Nikasema mimi ni karani. Akauliza kama chumba cha nyapara kina dirisha. Nikamwuliza anakijuaje. Kumbe hawa ni watoto wa Waithira! Analala kitanda kimoja na mwenzake kule Makongeni, watoto hawaruhusiwi, huwaona mara moja kwa mwezi ruhusa ikitoka. Amewaambia akipata kile chumba atakuja kuwachukua siku hiyo hiyo.

Nikamwambia msichana dirisha lipo. Sijui kwa nini nilimwambia. Jambo hilo halikunikaa vizuri, na maneno ya bibi yake yalinifuata mpaka Juja. Baada ya Juja kuna mwinuko. Nikaacha kufikiri, nikasukuma baiskeli.

Jumatano, 12 Agosti.

Msiba. Tobias amejitoa.

Mama mkwe wake ameshuka na gari la moshi kutoka Gem kuja kuona mtoto mchanga, na Jumamosi atakuwa ukumbini. Tobias anasema kwao mwanamume hata kula hali mbele ya mama mkwe. Je, apige magoti na mikono chini kama ng'ombe, akaliwe na mwanamke, yule mama akitazama? Anasema heri nimtie kwenye bwela.

Nikamwendea Gerishon wa ghalani. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwendea Erastus wa mikebe. Yeye ni wa Murang'a, kisa anakijua tangu utotoni, aliondoka kabla sijafika kwenye kituo cha sentensi. Hata Zacharia anayefagia, ambaye hajawahi kukataa kitu, alikataa.

Waithira alikuwa amekaa kwenye benchi. Akasema basi tuache, mchezo wa Esta unatosha. Tuache! Meneja aondoke akiwa amemwona Esta tu, mwanamke aliyeokoa taifa zima? Hapana. Nikafikiri haraka, nami nikifikiri haraka sina mwenzangu. Kiti hutazama chini. Anayetazama chini haonekani uso. Nitakuwa kiti mimi mwenyewe, na nitavaa kofia.

Jumamosi, 15 Agosti.

Kofia ilianguka hatua ya kwanza.

Ukumbi mzima ukasema, "Karani!" Mama mkwe wa Tobias hanijui hata kidogo, lakini ndiye aliyecheka zaidi. Nikapiga magoti. Waithira akaja na shuka pana begani, akaketi.

Nilikuwa nimemwandikia mistari minne ya majivuno, kisha ngoma. Hakusema hata mmoja. Akaiweka sawa shuka yake kwanza. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kwamba leo Wangu anasikiliza kesi, na mwenye kesi asimame. Nikamnong'oneza kwamba hiyo haimo. Akaendelea.

Nelima wa laini ya pili akasimama. Akaonyesha mikono. Maji ya nanasi yameikula mpaka nyama nyekundu inaonekana, na tangu mwaka juzi wanaomba glavu. Akasimama mwingine, naye akaonyesha ya kwake. Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilikuwa naona mbao za sakafu na viatu vya meneja tu. Viatu vilikuwa vikichezacheza tangu mwanzo. Sasa vimetulia.

Waithira akaamua. Kila mkono upate glavu, na wenye vidonda wapumzishwe siku tatu bila kufutwa. Mpiga ngoma, maskini, akadhani zamu yake imefika, akapiga mara moja. Waithira akamwinulia mkono.

"Ngoma tutacheza kesi zikiisha," akasema.

Kesi hazikuisha. Nusu saa nzima. Ngoma yangu haikuchezwa.

Jambo moja la kujivunia. Mgongo wangu haukuuma hata kidogo. Sikujua nina nguvu hivi.

Jumatatu, 17 Agosti.

Nyapara ni Waithira. Glavu zinakuja kutoka Nairobi. Bwana Kimeu alinishika mkono, akasema mchezo wangu ndio ulioamua mambo. Wangu! Nilitaka kulia.

Saa ya chai Waithira alikuja mizanini. Nilidhani amekuja kunicheka. Hakucheka.

"Karani, sikukukalia," akasema. "Nilijishikilia kwa miguu yangu mpaka mwisho. Ulikuwa unatetemeka, na sisi wa laini tumezoea kusimama."

Akanishukuru kwa mchezo, akarudi kazini.

Niliona haya. Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Niliona haya kuliko siku ile kofia ilipoanguka. Kumbe nusu saa nzima nilikuwa sibebi kitu, na yeye alikuwa anajibeba, na kesi, na ile mikono yote, na wale watoto wa Ruiru. Nami niliandika mchezo ule ili aanguke. Nilikaa robo saa nikiwaza hivyo. Magunia manne yalipita bila kupimwa.

Jumapili, 23 Agosti.

Watoto wamekuja. Nilisaidia kubeba godoro. Yule msichana alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena, mpaka mama yake akamwambia litang'oka. Akanitazama, akasema kweli lipo. Nilifurahi. Sijui furaha ile ilitoka wapi, nafasi ilikuwa yangu.

Lakini nikirudi nyumbani nikaanza kufikiri vizuri. Mwanamke hawezi kujikunja magoti nusu saa kwa ajili ya mtu asiyempenda. Haiwezekani! Ananipenda, ni wazi kama mchana. Na sasa ana chumba. Chenye mlango, kufuli, na dirisha. Mtu akimwoa Waithira, chumba si wanakaa wote? Ningejua mapema nisingejisumbua na unyapara.

Nimeanza mchezo mpya. Malkia wa Sheba anasafiri kwenda kumwona Sulemani, anastaajabia hekima yake, basi. Yeye malkia, mimi Sulemani. Bwana Kimeu amekubali tayari. Shida ni moja tu. Sulemani lazima akae kwenye kiti kikubwa cha enzi, na ukumbini kuna mabenchi tu.

Kesho nitamwuliza Tobias mama mkwe wake anarudi Gem lini.