Stesheni Naiona Dirishani

Jumapili, 2 Machi
Nimehama! Mke wangu Ayuma alitaka tubaki ploti yetu ya zamani, nyumba za kupanga kule mwisho wa mtaa huu wa Mowlem, mbali na stesheni. Nikamkumbusha kuwa Kyule, msimamizi wangu kiwandani, amechoka na kuchelewa kwangu. Hapa ghorofa ya nne naona stesheni ya treni, hadi kofia za abiria! Ngigi, jirani wa zamani, alitusukumia mkokoteni, akauliza njia ya kwenda stesheni inapitia wapi. Wivu tu.

Jumatatu, 3 Machi
Sielewi. Stesheni iko kushoto, barabara ikaenda kulia. Nikaifuata, ikaishia ukutani. Nyingine, geti lenye kufuli. Ya tatu ikanirudisha kwangu, mlinzi akaniuliza natafuta nani. Treni ikapita. Ngigi, anayetoka kule mbali, alikuwa ameketi ndani, dirishani, akanipungia mkono! Kyule hakuwepo leo. Mungu si Athumani.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu: kupitia kanisani, maana ua wake unapakana na stesheni. Loo! Kulikuwa na maombi ya asubuhi. Mzee wa kanisa akasema Bwana ndiye aliyenileta. Nikasema natafuta mlango wa nyuma. Akasema wengi huutafuta. Wakaniwekea mikono kichwani, treni ikapiga honi, nikalia. Wakafurahi sana. Kyule hakufurahi.

Ijumaa, 7 Machi
Ayuma anasema turudi, kule barabara imenyooka. Siwezi, Ngigi atanicheka. Nimeazima ngazi kwa fundi. Ukuta nimeuruka vizuri. Mtaro wa majitaka sikuuona. Nilifika kazini mapema kabisa! Kyule akaziba pua, akanirudisha nikaoge. Niliporudi ilikuwa adhuhuri. Amesema nikichelewa Jumatatu, kazi kwisha.

Jumapili, 9 Machi
Ngigi amekuja na mkokoteni bila kuitwa. Nyumba yetu ya zamani bado tupu, na kutoka kule ni moja kwa moja hadi stesheni. Ayuma alikuwa ameshafunga sufuria. Kichwa kinaniuma. Mbali itakuwaje karibu?

Nikawaambia wangoje, nimepata nyumba ng'ambo ya reli. Karibu zaidi! Ukiwa jikoni unasoma saa ya stesheni. Ufunguo ninao mfukoni. Ngigi akauliza tena njia inapitia wapi.

"Stesheni naiona," nikamjibu. "Njia ya nini?"

Ayuma amerudi nyumba ya zamani na mkokoteni wa Ngigi, na sufuria zote. Ngigi atanikuta kesho nimeketi dirishani kwenye treni, nami sitampungia mkono.