Ombi la Kumfelisha Bwana Dakika Ngapi

Kwa Mkuu wa Idara ya Sera na Usimamizi wa Usafiri wa Barabara,
Chuo Kikuu.

Ndugu Mkuu wa Idara,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kufundisha watu wazima. Mimi ni fundi cherehani, mjane, nina miaka sitini na miwili, na chumba changu cha kazi kiko nyuma ya duka la vioo. Katika tasnifu ya mwanafunzi wenu wa uzamili naitwa Mhojiwa Namba Kumi na Mbili. Nawaandikia kwa adabu zote kuomba mwanafunzi huyo afelishwe kabla ya mahafali ya Ijumaa. Sina ugomvi naye. Ni mtu msafi, mwenye heshima, na huvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ndiyo maana nataka mumfelishe nyinyi wenyewe, taratibu, mnaomjua.

Sababu zangu ni hizi:

1. Alinizoesha. Miezi kumi na minne alikuja kila Jumatano saa nne asubuhi na fomu zake, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza nimekwenda wapi wiki hiyo, kwa sababu gani, kwa chombo gani, nimebadilisha mabasi mara ngapi na nimesubiri kituoni dakika ngapi. Hilo la mwisho alilipenda mno, hata mtaa mzima ukambatiza Dakika Ngapi. Mimi nimezaa watoto wanne, Ndugu Mkuu, wote wazima wa afya na wote wana simu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimesubiri dakika ngapi. Sasa tasnifu imekwisha, imejalidiwa kwa jalada la bluu, na Jumatano haina tofauti na Jumanne. Humzoeshi mtu kuulizwa halafu ukakusanya fomu zako ukaenda zako. Hata dawa za hospitali huachwa polepole.

2. Utafiti wenyewe ni wa uongo. Nasema kwa ushahidi, kwa kuwa uongo ni wangu.

Wiki ya kwanza nilijaza ukweli mtupu. Jumatatu: sikutoka. Jumanne: sikutoka. Jumatano: sikutoka, nilikuwa na mgeni. Alipoisoma shajara yangu ya safari uso ulimshuka. Akaandika sifuri saba, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko mzuri sana. Nikamwonea huruma, na nikisema kweli, nilijionea huruma na mimi. Wiki ya pili nikaandika kwamba nimekwenda maktaba. Mwenzangu, alifurahi! Akauliza nimebadilisha basi mara ngapi. Nikaona mara moja ni uchoyo, nikampa mara tatu.

Baada ya hapo sikushikika. Alhamisi nikawa nakwenda kliniki ya mifupa kule mlimani, ingawa mifupa yangu haina neno. Jumamosi nikajiandikisha darasa la dansi katika ukumbi wa reli. Nilisubiri mabasi yasiyokuja, nikanyeshewa, nikasahau mwavuli kwenye kiti cha nyuma, nikarudishiwa na kondakta mwenye roho nzuri ambaye pia nilimtunga. Kufikia mwezi wa tano barua za posta zilikuwa zinatembea kidogo kuliko mimi. Yote hayo niliyafanya nimekaa kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio, napinda suruali za watu wanaotoka kweli.

3. Hakuwa na wa kunilinganisha naye. Wahojiwa tulikuwa ishirini. Wenzangu kumi na tisa, ambao ndio wenye safari, walichoka kujaza fomu kwa kuwa walikuwa safarini. Nikabaki mimi. Ukurasa wa themanini na moja unanisifu kwamba ni "mhojiwa mwenye bidii ya pekee". Naomba mjiulize, wataalamu wazima mliokaa kumtahini: mtu mwenye pa kwenda anapata wapi nafasi ya kuandika kurasa mia mbili za alikokwenda? Msimamizi wake naye alikuja mara moja. Alipima kwa hatua kutoka mlangoni kwangu hadi kituoni, hatua arobaini na moja, akaniuliza kama zinanichosha. Nikamwambia inategemea na siku. Akaliandika.

4. Familia. Tasnifu inasema jina langu limefichwa. Limefichwa kama mimba ya miezi tisa. Mjane, fundi cherehani, miaka sitini na miwili, nyuma ya duka la vioo: tuko wangapi? Dada yangu mkubwa aliichukua nakala niliyopewa, akaanza kuisoma kutoka nyuma, kwenye majedwali, akakuta Jumamosi: dansi, muda wa saa tatu na nusu kwa wastani. Kesho yake akatumwa shemeji, akakaa hapa akiangalia viatu vyangu. Mwanangu wa kwanza, ambaye hunipigia sikukuu hadi sikukuu, alipiga mara tatu kwa siku moja. "Mama, huyo unayecheza naye ni nani? Ana watoto?" Nikamjibu kwamba hiyo ni siri ya utafiti. Sijacheka hivyo tangu baba yao afariki miaka tisa iliyopita, na hilo pia namlaumu mwanafunzi wenu, kwa kuwa sasa nalitamani kila siku.

5. Mji umemwamini. Hili ndilo zito kuliko yote. Tasnifu ilipelekwa halmashauri ya mji, halmashauri ikamwona mama mjane mwenye mifupa mibovu anabadilisha mabasi mara tatu, ikaingiwa na haya. Leo kuna basi jipya, namba kumi na nane. Linaanzia kituo cha mbele ya duka la vioo, linapita maktaba, linapanda kliniki ya mifupa, linaishia ukumbi wa reli. Hiyo si njia ya basi, Ndugu Mkuu. Hiyo ni wiki yangu niliyoitunga. Kila linaposimama nasikia breki zake, nainamia cherehani nisionekane dirishani. Sijathubutu kulitazama, lakini ni wazi kwamba ni tupu, maana nani mwingine ana wiki ya namna ile? Dereva wa watu anazunguka mji na viti vyake kwa sababu mimi niliona aibu ya kukosa pa kwenda.

6. Joho. Aliniletea nimpunguzie mikono. Nimeishona yote miwili ikafungwa, mshono wa kurudia. Akilivaa Ijumaa, shahada ataipokea kwa meno.

Kutokana na hayo, ombi langu ni jepesi. Mfelisheni. Akifeli itabidi arudie utafiti kwa takwimu za kweli, na takwimu za kweli huchukua miaka. Mhojiwa mnaye, yuko tayari, Jumatano saa nne, kiti nimekifuta. Mkiona kufelisha ni ukali, basi mpandisheni asome uzamivu, na mada nawapa bure: "Safari Zisizofanyika: Sababu Zake na Usimamizi Wake." Hapo nina data ya miaka tisa, safi, sijaongeza hata nukta. Akiimaliza hiyo, mumfelishe kwenye hiyo.

Nafahamu mtauliza kama namtaka mtafiti au nataka utafiti. Namkumbuka, basi. Nimeliandika ili lisiwasumbue kulitafuta kwenye majedwali.

Nisalimieni wahadhiri wote, watahini na mahesabu yao, msimamizi wa hatua arobaini na moja, mama anayejalidi tasnifu na mlinzi wa langoni. Dereva wa namba kumi na nane mkimwona, mwambieni anisamehe.

Ni mimi, ninayepatikana nyumbani saa zote,

Mhojiwa Namba Kumi na Mbili.

Nyongeza: Samahani kwa mwandiko, naandika nimesimama, karatasi nimeiegemeza kwenye ukuta wa duka la vioo. Leo Alhamisi niliamua kuileta barua hii kwa mkono, na kwa kuwa chuo chenu kiko nyuma ya maktaba, nikaona nipande basi langu walau mara moja, dereva apate mtu. Limeniacha. Lilikuwa limejaa, Ndugu Mkuu! Katika foleni mimi ni wa kumi na tano. Mbele yangu yupo mzee wa magongo anayekwenda kliniki ya mifupa kila Alhamisi. Anasema zamani alikuwa akibadilisha mabasi mara tatu. Mara tatu! Nilimtazama kana kwamba nimemzaa mimi. Nyuma yangu kuna wanafunzi wanne wa maktaba, wananong'ona wasione hata haya, na mama mmoja anayeniambia kwamba ukumbi wa reli kweli una darasa la dansi Jumamosi, ila wanawake tumezidi. Amesema "tumezidi". Kwa hiyo naifuta barua yote iliyo hapo juu, isipokuwa salamu. Kijana huyo alipatia kila kitu, hata nilipomdanganya, na mkimfelisha nitakuja kulalamika. Mzee amenishikia nafasi nikarudi ndani nikaifumua mikono ya joho, na joho lenyewe nimeliacha kwa mwenye duka la vioo. Mwambieni alifuate huko huko, asinigongee mlango. Nimetoka.