Mti wa Mbele ya Dirisha Letu

Jumatatu, 3 Machi
Mume wangu (mume wangu! bado nikiandika neno hili nacheka peke yangu kama mwehu) amechimba shimo mbele ya dirisha la chumba chetu. Nataka mti wa maua. Kila asubuhi tufungue dirisha, maua yatuangukie mpaka kitandani! Wifi yangu, dada yake tunayekaa naye, anataka mlimau. Mlimau! Eti maua yangu nitayakamulia kwenye chai? Mume wangu hataki kugombana na yeyote. Kaamua kwamba mti atakaoukuta umesimama pale Alhamisi, akirudi safari, ndio huo huo. Jamani, nampenda hata akiwa mwoga.

Jumanne, 4 Machi
Wifi anakwenda kutafuta mche kesho. Leo nimemtangulia! Nimempigia simu muuza miche huku nachungulia mlangoni. Nataka mrefu, wa maua ya zambarau, uliokwisha chanua. Akauliza, wa kupanda? Nikamwuliza kwani nataka wa kupika? Akataka kuuliza tena. Nikakata simu. Wifi alikuwa anakuja.

Jumatano, 5 Machi
Umefika! Mrefu kunishinda, maua tele, umefungwa kwenye ufito. Nimeupanda mwenyewe, nikaung'oa ule ufito unaoharibu sura. Lo! Mti mzima ukaanguka kama aliyezimia. Nikauinua. Ukalala. Nikaukemea. Ukalala. Kumbe yule bwana aliuliza kama nataka mmea wa kupanda ukutani! Wifi, mlimau mkononi, akaniuliza kwa upole kama mti wangu umechoka na safari, autandikie mkeka.

Alhamisi, 6 Machi
Mume wangu amenikuta dirishani nimeushikilia kwa mikono miwili, natabasamu. Nikamwambia umesimama. Akasema aliyesimama ni mke wake. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mlimau umepandwa. Nimelia kifuani kwa mume wangu, na palikuwa pazuri mno hata nikasahau nalilia nini. Akanibembeleza: nafasi ipo karibu na lango, ila safari hii nisiwe na haraka, nimsikilize muuza miche mpaka mwisho.

Ijumaa, 7 Machi
Mume wangu ana busara kama nini! Nimetafuta muuza miche mwingine, maana yule wa kwanza ana maswali mno. Huyu hakuuliza lolote. Hata jina la mti hakunitajia. Unafika kesho!