Kitanda Kisicho na Kibali

Marui, Jumatatu, 6 Agosti 1951

Mbao zangu za mninga zimelala nyuma ya choo tangu Ramadhani. Sina kibali cha kuzisafirisha. Pazi, mshindani wangu katika biashara ya mbao, anacho. Leo amepita mlangoni kwangu akijipepea nacho makusudi. Amenikumbusha, kwa upole wa kuudhi, kwamba askari wa misitu pale kizuizini Kisarawe ana ruhusa ya kukamata mbao, mkokoteni na msukuma mkokoteni.

Nimemjibu kwamba sheria inataja mbao. Vitanda haivitaji. Nimekwenda kutafuta misumari.

Jumatano, 8 Agosti

Kitanda tayari! Sikukata ubao hata mmoja, maana mnunuzi wa Dar es Salaam anataka mbao ndefu. Kitanda kina futi kumi na mbili. Nimekilalia. Chini ya miguu yangu ilibaki nafasi ya mtu mwingine kulala. Pazi amecheka mpaka akakaa chini. Wivu.

Alhamisi, 9 Agosti

Kizuizini. Bwana Saburi, askari wa misitu, amekizunguka kitanda, akadai kibali. Nimesema ni kitanda cha harusi yangu. Akauliza bibi harusi ni nani. Hilo sikuwa nimelifikiria. Ng'ambo ya barabara Mwanaamina, muuza vitumbua ninayemjua kwa jina tu, alikuwa akipika. Nikamtaja.

"Mwanaamina ni dada yangu," Saburi akasema. "Mbona hata mimi sina habari?"

Kitanda kikawekwa chini ya ulinzi. Na mimi pia.

Mwanaamina akaitwa. Akafuta mikono, akanitazama mimi, akakitazama kitanda, kitanda kwa muda mrefu zaidi. Akauliza mbona kirefu hivi. Nikasema sikutaka abanwe. Hakucheka, ila shavu lilimtikisika.

"Mahari yangu ni hiki kitanda," akamwambia kaka yake. "Mfungulie apite."

Jumapili, 12 Agosti

Ushindi! Nimeoa. Saburi mwenyewe ndiye aliyemwozesha dada yake. Kitanda kimegoma kuenea chumbani kwa Mwanaamina, kimetokeza barazani, na wageni wamekikalia wakila pilau. Mnunuzi wa Dar es Salaam na angoje. Mninga umevuka kizuizi bila karatasi! Pazi alikaa pembeni. Yeye ana kibali. Mimi nina mke.

Jumanne, 14 Agosti

Mbao nyingine bado zipo Marui. Nimezirudia leo, nimeanza kuunda kabati. Shemeji Saburi akiuliza ni la nani, nitamwambia naoa mke wa pili. Safari hii sibahatishi, jina nimeliandaa kabisa: Sikudhani, shoga yake Mwanaamina.