Kwenda Tanga kwa Kupitia Uwanja wa Ndege

Jumatatu, 4 Agosti

Begi limenunuliwa! Mtumba wa soko la Toi, kubwa kama friji. Ukinitazama kwa nyuma humwoni Ngui, unaona begi linatembea lenyewe. Jumamosi mimi na Debra wangu tunaondoka. Tanga, halafu Dar, halafu pwani yote mpaka Msumbiji. Begi mgongoni, kulala gesti, kula pweza. Mpango ni wa Debra, ameupika mwaka mzima kwa simu yake. Kazi yangu mimi ni kupendeza tu.

Mama amenikuta sebuleni nikilijaribu. Ati nahama? Nikamjibu kwa sauti ya mwanaume kwamba naenda nje ya nchi. Hiyo si uongo! Akaangusha mwiko. Akalia, akaimba, akanikumbatia na begi lote. Ati amekuwa akiomba nyumba hii itoe mtu wa majuu. Nikafungua mdomo niseme Tanga. Akanipakulia paja la kuku. Mtu hawezi kusema Tanga na kuku mdomoni.

Nitamwambia kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Sijamwambia. Yeye ndiye amewaambia. Kanisa, mama mboga, mtaa wetu wote wa Jamhuri. Na Jamleck! Huyu ni jirani yetu, mwenye gari moja la Probox na mdomo wa lori. Alienda Kampala harusi fulani, na tangu hapo kila sentensi yake inaanza "nikiwa Kampala". Leo akaniuliza mbele ya watu dukani, ati kijana, hasa hasa unaenda wapi? Ningesema Tanga angecheka mpaka Krismasi. Nikamwambia, "Boss, mbali. Ukiamka wewe, watu wa huko ndio wanalala." Akanyamaza! Jamleck! Kanyamaza! Nimetembea kama mbunge mpaka nyumbani.

Jioni raha ikaisha. Jamleck amekuja kwa mama kujitolea kunipeleka uwanja wa ndege. Mama amekubali kabla hajamaliza kuongea. Pasta Kimanzi naye atapanda. Na basi la Tanga linatoka River Road, katikati ya mji.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekutana na Debra kwenye bustani ya Jeevanjee, ametoka kupaka watu kucha huko mjini. Amenionyesha ramani. Halafu akaifunga simu, akaniangalia vile huangalia ukucha uliovunjika. Ati kitu kimoja tu: mama yako anajua tunaenda wapi? Mpenzi wake wa kwanza alimficha kwa mamake, na Debra akaja kujua mambo kwa kadi ya harusi ya huyo jamaa na msichana mwingine. "Ngui, mimi si wa kufichwa. Nikisikia mchezo, naenda peke yangu, na nikirudi, narudi peke yangu."

Nikamwambia mama anajua nasafiri na amefurahi mpaka akalia. Hapo uongo uko wapi? Akanishika mkono. Nampenda huyu msichana mpaka naogopa. Hiyo naiandika hapa, sitaisema mahali.

Alhamisi, 7 Agosti

Maombi ya safari, kwetu. Watu wamekalia mpaka ndoo. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeniuliza nchi gani, kila mtu amejichagulia. Ya mama ni Kanada. Pasta Kimanzi ameniombea dhidi ya baridi ya Ujerumani. Jamleck amenong'onezea watu ni Dubai, kufagia. Nimeitikia amina zote, isipokuwa ya kufagia. Mukai wa kwaya ameniletea mfuko mzima wa muthokoi, mahindi ya kukoboa, nimpelekee mwanawe Minnesota. Nikasema nikipitia hapo.

Nilimfuata mama jikoni. Nikaanza, mama, hapo kwa Kanada... Akajifuta macho na leso, ati nisimlize tena, mwanangu, leo amelia ya kutosha. Basi nikala chapati.

Ijumaa, 8 Agosti

Msiba! Mama amempa Jamleck chumba changu cha nje, kuanzia kesho. Ati mtu wa majuu hakumbuki chumba. Jamleck anakitaka kwa sababu ya dirisha, awe akiiona Probox yake ikilala.

Lakini nina mpango, na mpango wenyewe ni moto. Nimewaambia ndege ni ya alfajiri. Wananisindikiza, napunga mkono, naingia, wanageuka, natoka, naruka kwa boda, niko River Road kabla Debra hajamaliza chai. Shule niliacha mapema, lakini kichwa hakikuacha.

Jumamosi, 9 Agosti

Hawakugeuka.

Pasta aliomba pale kwa maegesho mpaka watu wa ndege zingine wakaanza kuitikia. Mama akaimba. Nikapunga mkono, nikaenda mlangoni kama mwenye mali. Askari akataka tiketi. Nikamwambia iko kwa simu. Akasema, basi toa simu. Nikajificha nyuma ya nguzo, begi likachungulia upande huu, nikigeuka linachungulia ule. Na Jamleck huko nje, ati nikiwa Kampala niliona watu hawaondoki mpaka ndege iruke. Ikaruka moja. Wakaipungia. Ya mizigo! Mama akasema hapana, ya Ngui ni kubwa zaidi. Wakangoja nyingine. Nilijikunja pale nikimsikia mamangu akiiaga ndege baada ya ndege, jasho likinitoka kama nimeiba.

Walipoondoka nikaruka kwa boda, tukakimbia kuelekea mjini. Na hapo, upande wa pili wa Mombasa Road, likitoka mjini, basi la Tanga. Debra dirishani. Tukaonana! Nikapiga kelele, mwenye boda akadhani nimeumia.

Akanipigia, nikamweleza yote ya uwanja wa ndege. Hakufoka, na hiyo ndiyo ilinitia baridi. Ati basi linapita hapo hapo kwa njia ya uwanja wa ndege. "Ungeniambia tu ukweli, dereva angekuchukua barabarani."

Jumapili, 10 Agosti

Niko Dagoretti Corner, kwa Kiilu, rafiki yangu muuza magodoro. Nalala dukani. Magodoro kila upande na sipati usingizi. Kutoka hapa naweza kutembea mpaka kwetu. Nimeenda majuu kwa miguu.

Debra amepiga kutoka Tanga. Moyo wake bado uko! Ati atanisubiri huko mpaka Jumatano, nije na basi, lakini kwanza nimwambie mama ukweli, yeye akisikiliza. Akatuunganisha sote watatu.

Nilikuwa nimejiandaa, haki. Neno moja tu, Tanga. Mama akapokea kwa kelele, nyuma yake kanisa zima likishangilia. Nikasikia na Jamleck, ati muulize kama ni baridi.

Nikasema, "Mama, ni baridi kali."

Halafu sauti ya Debra, taratibu: "Mama, habari yako. Mimi naitwa Debra."

Nikakata simu! Halafu nikakumbuka: Debra ndiye aliyetuunganisha. Nikikata mimi, wao wanabaki.

Jumanne, 12 Agosti

Kiilu ameniamsha na simu, ati si huyu ni mamako? Picha ya Debra. Ufuo wa Tanga, maji ya bluu. Debra na miwani ya jua. Kando yake mama! Leso juu ya magoti, miguu ndani ya bahari, pweza mkononi. Pasipoti alikuwa nayo, ya ile ziara ya kanisa ambayo haikuwahi kuondoka. Jana alipanda basi, nafasi yangu ndiyo aliyoichukua. Chini Debra ameandika ati safari ya wawili inaendelea, kesho Dar.

Nikampigia Debra. Ati wako sawa, mama hachoki na hamdanganyi mtu. Nikaomba kuongea na mama. Mama akasema yuko majuu, network ni mbaya. Akakata!

Nimelia kidogo, godoro la sampuli limelowa.

Mchana nikaenda Jamhuri kuangalia chumba changu. Jamleck mlangoni, amevaa kaptula yangu! Ameona picha. Akaanza kucheka, ati wewe si uko Kanada? Nikamwangalia kwa huruma. Nikamwambia, Boss, mimi ndiye hupeleka watu majuu. Nimeanza na mama, si unamwona mwenyewe? Kicheko kikafa taratibu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna nafasi. Nikasema iko moja, lakini lazima ahame kwanza, wa majuu haachi vitu nyuma.

Anafunga mizigo sasa hivi. Ijumaa alfajiri namsindikiza uwanja wa ndege.